Kabla ya kumpa mtoto mabawa

Juzi dada mmoja amenitumia picha ya mchoro wa bintiye, mabawa meupe mgongoni. Anauliza: "Kaka, hii ina maana gani? Mbona kila nikiitazama nalia?" Dada yangu, umenigusa penye kidonda.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa Kirumba, Mwanza, aliniagiza nimchore mwanawe wa miaka minne. Alinipa picha aliyopigwa ufukweni, Jiwe la Bismarck nyuma yake. Wiki tano sikulala vizuri. Nikampa mabawa mapana na duara la nuru kichwani, nikajiona nimefika. Siku ya kukabidhi, bibi yake aliutazama mchoro, akavuta khanga akajiziba mdomo. "Mjukuu wangu yuko nje anacheza," akasema. "Huyu uliyeniletea ni marehemu." Nikarudi na mchoro wangu. Nusu ya malipo sijaiona mpaka leo, na inaniuma.

Lakini bibi alisoma picha kuliko mimi. Kwetu mtoto akifariki angali mdogo ndipo tunasema amekuwa malaika. Hata kule Marekani, mchoraji Abbott Thayer alipomchora bintiye Mary mwenye mabawa mwaka 1887, alikuwa ameshazika wanawe wawili wadogo. Mary alikuwa hai, ila uso umepauka na hatabasamu. Wengi wanaona utakatifu pale. Mimi namwona baba mwenye hofu.

Kwa hiyo dada, chukua karatasi ufunike mabawa. Mtazame mtoto kwanza: mdomo, vidole, amekazaje shingo. Machozi yakikauka, ujue yaliletwa na mabawa. Yasipokauka, mchoraji ameona kitu usoni mwa mwanao. Kaa naye, muulize mtoto. Mtazame mtoto kwanza, narudia. Na ninyi wachoraji wenzangu, acheni kubandika mabawa kama stika za daladala! Muulizeni mzazi, muulizeni na bibi.

Mchoro ule niliufanyia kazi upya. Mabawa niliyafuta kwa rangi ya ziwa, kisha siku mbili nzima nikachora malaika ya shingoni tu, vile vinyweleo laini vinavyong'aa jua la jioni likiwa linazama. Hakuna aliyekuja kuuchukua. Uko ukutani kwangu, na ukisimama upande wa dirishani, ukingo wa bawa la kushoto bado unauona chini ya maji.