Tawi liko kwetu, mti ni wa jirani

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunaishi ukuta kwa ukuta na mzee mmoja anayekaa peke yake tangu mkewe afariki. Ana mparachichi mkubwa, na karibu nusu ya matawi yake yamevuka ukuta yakaingia kwetu. Majani yake nafagia mimi kila asubuhi. Maparachichi yenyewe hayachumi, yanakaa mtini miezi na miezi, mengine yanadondoka na kuoza. Nikaona kuliko yaharibike, watoto wawe wanaangua yale ya upande wetu. Tumekula, tumewagawia ndugu, na mengine nilipeleka kazini, wenzangu wakanichangia kidogo kidogo. Misimu miwili mzee hakusema neno.*

*Mwezi uliopita alitokea ukutani akamkuta kijana wangu wa miaka 10 ameshika upondo. Hakumfokea. Alimtazama tu, kisha akasema, "Mama yako angeniambia." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo salamu zetu anaziitikia juu juu, na mwanangu akimwona njiani anajificha. Mume wangu anasema tusiombe radhi, kwa sababu kilicho upande wetu ni chetu. Mimi roho inanisuta, lakini pia naona kama naonewa. Je, kweli nimeiba? Na sasa nifanyeje?*

*Jirani wa ukutani*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila nikiirudia nakwama kwa huyo mtoto anayejificha njiani. Nitamfikia. Kwanza tuiondoe hoja ya mumeo, maana ndiyo inayokuzuia kutoka mlangoni kwako.

Hilo la kwamba kilicho upande wetu ni chetu, kila nchi imeliamua kivyake. Uswisi, mtu anayevumilia tawi la jirani juu ya kiwanja chake ana haki ya matunda ya tawi hilo. Ujerumani na Ufaransa, tunda likidondoka lenyewe upande wako ni lako, lakini likiwa bado mtini huruhusiwi kuliangua. Uingereza wamekaza zaidi: tawi lililovuka mpaka unaweza kulikata, ila tunda lake linabaki kuwa la mwenye mti. Mwaka 1919 mahakama ya huko iliamua kwamba mtu aliyejichukulia matufaha ya tawi la jirani lililokuwa limeingia kwake hakuwa na haki nayo. Mumeo akitaka kujua sheria ya mnakoishi inasemaje, awaulize wanaoijua. Lakini hata akikuta inamuunga mkono, kesho asubuhi ukuta utakuwa palepale na mzee atakuwa nyuma yake. Sheria itawaambia parachichi ni la nani. Mumeo hawezi kuisoma kwa sauti ukutani halafu mzee akaanza tena kuwasalimu kwa moyo.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo nadhani hukulijua, na ukilijua utaiona misimu hii miwili kwa jicho tofauti. Unasema mzee hachumi, maparachichi yanakaa tu. Parachichi haliivi likiwa mtini. Linakomaa huko, lakini kulainika kunaanza likishatenganishwa na mti. Kwa sababu hiyo wenye miparachichi wengi hawayavuni yote kwa mpigo. Wanayaacha yaning'inie, kwa aina nyingine hata kwa miezi, na kuchuma machache ya kuwatosha kwa siku hizo. Mti ndio ghala lao. Mtu akiwa peke yake nyumbani anahitaji mawili matatu kwa wiki, na ukimtazama kutoka upande wa pili wa ukuta utadhani ameususa mti wake. Inawezekana kabisa kwamba ulichokiona kama uzembe kilikuwa akiba ya mzee ya mwezi ujao.

Na huo upondo. Maua ya mparachichi hutokea kwenye ncha za matawi, zilezile ambazo mtoto anazivunja akivuta kwa nguvu tunda lisilotaka kuachia. Ncha iliyovunjika leo haitatoa ua msimu unaofuata. Tunda lenyewe likinyofoka bila kikonyo, pale kilipokuwa panabaki kidonda, na kuoza huanzia hapo. Likianguliwa kabla ya kukomaa halitalainika vizuri kamwe, litanyauka na kuwa gumu kama mpira, na utaishia kulitupa. Mparachichi pia una mazoea ya kuzaa sana mwaka huu na kidogo mwaka unaofuata, na mwenyewe huufahamu mti wake, anajua mwaka upi atoe kwa mkono mkunjufu na upi abane. Wewe hayo ungeyajuaje, wakati hukuwahi kuzungumza naye?

Sasa nije kwenye maneno aliyoyasema. Hakusema "mmeniibia", wala hakusema "msiguse tena". Alisema ungemwambia. Mtu anayetaka kukunyima hazungumzi hivyo. Kilichomuuma si idadi ya maparachichi, maana misimu miwili aliona matawi ya upande wenu yakipungua na akanyamaza. Naamini alikuwa anasubiri. Alisubiri siku moja ugonge mlango useme, "Baba, maparachichi yamependeza, naomba mawili," naye ajibu, "Chukua hata kumi, mwanangu." Alikuwa na kitu cha kuwapa majirani zake, na huenda tangu mkewe aondoke hana vingi vya namna hiyo. Nyinyi mlikipata kitu chenyewe, yeye hakupata nafasi ya kukitoa wala hakuambiwa asante. Wanao wameyala matunda ya mzee huyu misimu miwili bila kujua kwamba kuna mtu wanayepaswa kumshukuru. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko yote kwenye barua yako.

Kimya chake usikihesabu kuwa ruhusa. Watu wazima wengi wanaona aibu kugombania tunda. Wataumia moyoni mwaka mzima kuliko kuonekana wachoyo, na wewe ukitazama utadhani hawajali. Anayechukua ndiye mwenye wajibu wa kuuliza. Anayechukuliwa hana wajibu wa kulalamika.

Halafu kuna sentensi moja umeipitisha haraka, kwamba mengine ulipeleka kazini na wenzako "wakanichangia kidogo kidogo". Mwanangu, huko ni kuuza. Nakuambia hivi kwa sababu nadhani roho yako inasutwa hapo hasa, kuliko kwenye yale mliyokula. Watu wa zamani waliuona mpaka huu vizuri sana. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inamruhusu mtu aliyeingia katika shamba la mizabibu la jirani yake kula zabibu mpaka ashibe, lakini inamkataza kutia chomboni. Katika Uislamu nako yapo mapokezi kutoka kwa Mtume yanayokaribiana na hayo: mwenye haja aliyekula tunda la mti bila kubeba nguoni halaumiwi, na anayetoka nalo ana la kujibu. Chakula cha njaa na mzigo wa kubeba havijawahi kuwa kitu kimoja. Mtoto aliyeokota parachichi chini akalila na chumvi amekula tu. Mfuko uliofungwa ukapelekwa kazini na kurudi na fedha ni habari nyingine, na mwenye mti alipaswa kuijua.

Umeniuliza kama umeiba. Sidhani ulikusudia kuiba. Lakini ulichukua cha mtu bila kumuuliza, ukakigeuza fedha, na ulimtuma mtoto. Hayo matatu yanatosha kukupeleka kwake.

Nenda wiki hii. Nenda saa ambayo kwa kawaida anakuwa amekaa nje au amepumzika, upite mlangoni, usizungumzie ukutani. Nenda peke yako kwanza. Mumeo kama hajakubali usimburute, maana atakwenda na hoja yake mdomoni. Usibebe maparachichi kumrudishia, utamdhalilisha. Ukitaka kubeba kitu, beba kitu ulichokipika mwenyewe, kiasi cha mtu mmoja, na usikifanye kuwa malipo. Ukishakaa usizunguke. Sema hivi, au kwa maneno yako yanayokaribia haya: "Baba, nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyewatuma watoto kuangua maparachichi yako. Nilipaswa kukuuliza tangu siku ya kwanza na sikufanya hivyo. Mengine niliyauza kazini, na fedha hizo ni zako, nimekuja nazo." Kisha nyamaza. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, wakiona kimya kimezidi wanaanza kueleza kwamba matawi yamevuka, kwamba yalikuwa yanaoza. Usieleze. Mwache aseme lake, hata likiwa chungu.

Fedha piga hesabu kabla hujaenda, kwa uaminifu, na ziwe kwenye bahasha. Inawezekana akazikataa. Akizikataa mara moja, mwambie tena kwa upole kwamba ni zake. Akizikataa mara ya pili, pokea ukarimu wake na umshukuru, usigombane naye juu ya wema. Akizichukua, usinung'unike ukirudi nyumbani.

Majani unayofagia kila asubuhi ni kazi ya kweli, siidharau. Umebeba adha ya mti huo, na ungekuwa na haki ya kusema, "Baba, mimi nafagia, nawe nigawie." Hayo yangekuwa makubaliano mazuri kabisa. Kasoro yake ni kwamba bei uliipanga peke yako na ukajilipa mwenyewe. Kwa hiyo siku ya kuomba radhi usiyataje majani. Ukiyataja, radhi yako itageuka kuwa dai.

Sasa kijana wako. Yeye ndiye aliyekutwa, na aibu yote ya jambo hili imemwangukia yeye ilhali alikuwa anatii. Leo hii, kabla hujaenda kwa mzee, mkalishe umwambie waziwazi kwamba kosa lilikuwa lako, kwamba ulimtuma mahali ambapo hukupaswa kumtuma, na kwamba unakwenda kuliweka sawa. Usimwambie "usijali". Anajali, ndiyo maana anajificha. Usimlazimishe aende kuomba radhi siku ileile. Baada ya wewe kumaliza yako, siku nyingine mchukue mwende wote kumsalimia mzee, salamu tu. Mzee akiwa mtu ninayemdhania, yeye mwenyewe atamwambia mtoto neno la kumtoa hofu. Asipolisema, angalau mtoto atakuwa amemwona mama yake akisimama mbele ya mtu aliyemkosea, na hatakuwa na sababu tena ya kukimbia njiani.

Kuhusu mumeo, usishindane naye juu ya nani yuko sahihi. Mwambie tu kwamba unakwenda kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya salamu ya kila siku. Akisema mtaonekana wanyonge, muulize ni lini mara ya mwisho mzee huyo aliwafanyia ubaya. Halafu nenda.

Mambo yakitulia, na si siku hiyohiyo, zungumza na mzee juu ya msimu ujao. Muulize anapenda maparachichi yachumwe lini na kwa njia gani. Huenda mikono yake haifiki tena matawi ya juu, na kijana wako akafundishwa kuyakata na kikonyo chake kwa mkasi au kwa upondo wenye kisu na mfuko, sehemu ikaenda kwa mzee na sehemu ikabaki kwenu. Kubalianeni pia kuhusu yanayodondoka yenyewe upande wenu, maana hayo kumwendea mlangoni kila mara ni kumsumbua. Na kama unataka kuyauza tena, mwambie hivyo kwa mdomo wako na mgawane. Watu wengi hawakatai wakiulizwa mapema.

Akisema hapana, kwamba hataki yaguswe tena, basi hapana yake uipokee bila kununa. Waambie watoto, na upondo uondoe pale ukutani. Majani ukichoka kuyafagia, au tawi likianza kugonga paa lenu, hilo lina njia yake: unamwendea baada ya muda kupita, unamwomba alipunguze au akuruhusu ulipunguze kwa gharama mtakayokubaliana. Ila usilikate kwa hasira mwezi huu, na usikubali mumeo alikate. Tawi likikatwa sasa, mzee ataamini kwamba radhi yako haikuwa ya kweli.