Mvua ilikuwa nyingi, mbona mahindi yana mapengo?

SWALI: Habari mtaalamu. Msimu huu mvua ilinyesha vizuri tu, kuzidi hata msimu uliopita, lakini nikimenya mahindi nakuta punje zimerukaruka na mengine ni magunzi matupu. Mbolea niliweka. Je, nimeuziwa mbegu feki?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, inauma. Ila kabla hujailaumu mbegu hebu kumbuka, mvua ilikatika lini? Maana hindi halijali sana jumla ya mvua ya msimu mzima, linachojali zaidi ni zile wiki mbili kabla ya kutoa ndevu na wiki mbili baada yake, hapo ndo mavuno yanapoamuliwa. Kila uzi mmoja wa ndevu unaenda kwenye punje moja, uzi usipopata chavua punje hiyo haipo. Sasa udongo ukikauka kipindi hicho mbelewele (yale maua ya kileleni) zinamwaga chavua kama kawaida lakini ndevu zinachelewa kutoka, zikija kutoka chavua imeshaisha, alafu joto likipita nyuzi 35 chavua yenyewe inaanza kufa. Baada ya hapo hata inyeshe wiki nzima punje hazirudi.

Kwahiyo msimu ujao hesabu kuanzia maua kurudi nyuma. Mbegu ya siku 120 inachanua kwenye siku ya 60 hivi, angalia siku hizo zitaangukia wapi, kama ni pale mvua inapokatikaga basi wahi kupanda au chukua mbegu ya muda mfupi. Na ukiwa milimani usiige kalenda ya mtu wa bondeni, ukienda juu mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6, mbegu ileile inachelewa wiki kadhaa. Shamba la kichanga nalo linakauka haraka kuliko la mfinyanzi, siku kumi za jua kwa mwenzio ni kawaida, kwako ni hasara.

SWALI: El Niño ya 2023 ilileta mafuriko Afrika Mashariki, Zambia wakapata ukame. Inawezekanaje?

JIBU: El Niño ni maji ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida kwenye ikweta, hiyo inahamisha sehemu ambazo hewa inapanda na kutengeneza mawingu na sehemu ambazo inashuka na kuyazuia. Afrika Mashariki mvua za Oktoba hadi Desemba huwa zinaongezeka, na mwaka ule Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto pia. Kusini ni kinyume, mvua zao za Novemba hadi Aprili zilikatika Februari 2024, mahindi mengi yakiwa ndo yanachanua, Zambia, Malawi na Zimbabwe zote zikatangaza janga la taifa. Ndo maana ukisikia "El Niño inakuja" usikimbilie kupanda wala kuahirisha, subiri utabiri wa kanda yako, alafu uliza pia mvua itaanza lini na kuisha lini, sio itakuwa nyingi au kidogo tu.