Jibu: Ukumbi wa sinema unaotaka kugeuzwa ghala
Salaam ndugu. Umeuliza mtamshawishije mwenye jengo asiugeuze ukumbi wa sinema kuwa ghala, ilhali anasema tiketi hazilipi hata umeme. Kwanza angalieni hati ya umiliki ni ya nani na manispaa imeruhusu matumizi gani, kwa sababu saini za wakazi pekee hazimfungi mwenye mali. Kisha mpelekeeni pendekezo la mapato: sinema ya zamani ya Shan, mtaa wa Ngara, Nairobi, ilinunuliwa na shirika la sanaa la Sarakasi Trust ikawa Sarakasi Dome, mahali pa sarakasi, muziki na ngoma, si filamu tu. Kwa maoni yangu mwenye jengo hakosei kutaka faida, wala si haki abebe hasara peke yake kwa ajili ya kumbukumbu zetu. Hesabu zake sijaziona; mwombeni za mwaka mzima kabla ya kupanga bei ya kukodi ukumbi.