Hivi mgambo ni polisi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nauza zabibu kando ya barabara hapa Dodoma, msimu ndo huu napata hela ya sare na madaftari ya watoto. Juzi wamekuja vijana wawili, hawana bunduki hawana kitambulisho, wakasema wao mgambo, nitoe 20,000 hapohapo la sivyo wanabeba beseni, sikuwa nayo wakabeba kweli. Wana haki hiyo?
Muuza zabibu, Dodoma

JIBU: Marahaba, pole sana mama. Mgambo sio polisi. Polisi ni jeshi la taifa zima lipo chini ya IGP, yaani mkuu wa polisi nchini, ila mgambo wa jiji anaifanyia kazi halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi, na anachosimamia ni sheria ndogo, yaani zile zinazopitishwa na baraza la madiwani, waziri akaridhia, zikatoka kwenye Gazeti la Serikali: usafi, ushuru, wapi pa kupanga biashara. Kazi halali kabisa na inahitajika. Katiba ya 1977 ibara ya 146 inazipa serikali za mitaa jukumu la kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, na kwenye hao wananchi wewe mwenye beseni umo. Kutokuwa na bunduki wala hakumpunguzii kitu, mtu wa kusimamia takataka na ushuru silaha yake ni kuongea na watu vizuri.

Sasa hiyo 20,000 ya mkononi ndo mbaya. Mgambo hana mamlaka ya kukuhukumu. Ukikiri kosa kwa maandishi halmashauri inaweza kulififilisha, yaani kulimaliza bila mahakama, ukalipa faini, ukikataa mnaenda mahakamani, na hela ya serikali inalipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, risiti unapewa. Anayetaka mkononi anaomba rushwa, hata kama ulikaa sehemu iliyokatazwa. Na mzigo ukichukuliwa dai karatasi yenye jina la aliyechukua na idadi, maana zabibu na jua la hapa zinaharibika upesi, mimi naona ni ukatili kuanza kubeba kabla ya kuonya.

Nenda kwa mtendaji wa kata leo usisubiri, taja mahali, saa na waliokuwepo, muulize kama vijana hao anawatambua maana wanaweza kuwa matapeli tu, na akuonyeshe eneo lililotengwa kwa wamachinga. Akikuzungusha mwone diwani. Kuhusu ile hela piga TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.