Bado Yupo Mmoja

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: umewahi kukutana na ndege wa porini barabarani, mtaani kwako, ukiwa kwenye usukani, na ulifanya nini? Mimi nakutana nao karibu kila siku. Naendesha kirikuu hapa Tabora. Natoa mahindi na mtama upande wa Kwihara na Itetemia, naleta kwenye mashine ya kusaga mjini, na nikigeuza napakia pumba za wafugaji. Huu ni mwaka wa sita. Niliyoyajua nimeyajua kwa kumuua ndege, kwa hiyo naomba nianze na huyo.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka juzi, saa kumi jioni, mvua imekatika muda si mrefu. Kuna kipande cha barabara ya vumbi chenye miembe huku na huku, na majani ya pembeni wakati huo yanakuwa yamefika kiunoni. Kanga wakatokea upande wa kulia. Nasema kanga wa porini, wale wenye kipembe kichwani na shingo ya buluu, na madoadoa meupe ambayo inasemekana ndiyo yaliyolipa jina vazi la mama zetu. Nikasimama mbali kabisa. Wakapita saba, mmoja nyuma ya mwenzake, shingo mbele, wanatembea kama watu waliochelewa msibani. Nyuma yangu bodaboda akapiga honi: "Twende, kaka!" Nikapachika gia, nikaondoka.

Chini ya mwembe alikuwepo bibi anayeuza maembe kwenye ndoo. Nilimwona akinyanyuka na kupunga mkono. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia vizuri: "Mwanangu, subiri, bado yupo mmoja!"

Sikuhisi hata mtikisiko. Niliposhuka nilikuta kifaranga, ukubwa wake ni wa ngumi ya mtoto, mgongo una michirizi ya kahawia kama nyasi kavu, miguu myekundu. Kanga mmoja mkubwa alikuwa amerudi. Alisimama katikati ya barabara, hatua nne kutoka nilipo, akawa anaita kwa ile sauti yao ya kukwaruza, ananitazama mimi, anatazama majanini. Hakuruka. Nilikaa pale mpaka yeye mwenyewe alipoamua kuondoka.

Bibi hakunigombeza. Alisema, "Mimi nashinda hapa. Wale wa mbele ni wakubwa, magari wanayajua. Wa nyuma hajui." Sijapata fundisho la udereva linaloushinda usemi ule, na chuoni nililipia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaangalia sana. Kanga ni ndege wa miguu. Mbawa anazo na anaruka, lakini akiona hatari jambo la kwanza ni kukimbia, na mbawa huzikumbuka dakika ya mwisho. Masika ndipo vifaranga wanapokuwa chini, na vifaranga hao hawapiti pamoja na mama yao bali nyuma yake, mmoja mmoja, wengine wakiwa bado wamezama kwenye majani wakati dereva anahesabu barabara kuwa nyeupe. Na kitu kibaya zaidi kwa kanga si gari, ni kuachwa na wenzake. Aliyebaki upande wa huku atakimbia kuwafuata hata kama tairi liko karibu. Ukipiga honi ndiyo umeharibu kabisa, maana wanatawanyika, na waliokwisha kuvuka wanarudi.

Nilisoma habari moja iliyonikaa kichwani. Watafiti waliokuwa wakipita kwenye barabara za Ufaransa walipima ndege wanaanza kuruka gari likiwa umbali gani, wakachapisha matokeo 2013. Waliona kwamba kwenye barabara zenye kikomo kikubwa cha mwendo, ndege huruka mapema, na kwenye za mwendo mdogo husubiri gari lisogee. Lakini mwendo wa gari lenyewe linalokuja hawakuufuata, dereva awe mpole au mkimbizaji. Kwa maneno mengine, ndege anaisoma barabara, wewe dereva hakusomi. Wale ni ndege wa kule na hizi ni njia zetu, ila nikiifikiria miembe ile naiona maana yake. Hapa mtaani karibu wote tunakwenda polepole kwa sababu ya mashimo, ndege wamezoea hivyo, wanasubiri. Sasa anakuja mmoja mwenye haraka zake, themanini kwa saa, yaani mita 22 kila sekunde. Ndege anajipa muda uleule wa siku zote, na muda huo haupo. Hata kwenye hamsini inayoruhusiwa maeneo ya makazi, gari linakula mita 14 kabla hujamaliza kusema "kanga".

Nafika kwenye jambo lililoniuma kuliko yote. Jioni ile, nilipokuwa nimesimama nikimtazama yule kanga, niliona punje za mahindi ardhini. Nikazifuata kwa macho. Zilikuwa mstari, umenyooka, unatoka nilikotoka, unaishia chini ya kirikuu yangu. Gunia moja lilikuwa limefumuka mshono kwenye pembe. Na si siku hiyo peke yake. Kila safari nilikuwa namwaga, vikonzi viwili hapa, kimoja kule kwenye tuta, na wenzangu wanaobeba nafaka vilevile. Tunasema ndege wamezoea kukaa barabarani, kumbe tunawatandikia jamvi na kuwapakulia, kisha tunapita juu ya jamvi hilohilo na magari.

Siku hizi natembea na sindano ya gunia na uzi wake kwenye kisanduku cha mbele. Kabla sijatoka kijijini nazunguka gari, napapasa kila pembe ya gunia, penye mwanya nashona, halafu turubai chini na turubai juu. Inanichukua robo saa. Mwenye mzigo anafurahi pia, maana kilo zake zinafika. Nimewaambia madereva wawili watatu, na mmoja ameanza.

Wapo wanaoona kanga barabarani wakaona kitoweo. Nimewahi kupakia abiria aliyenishika bega akasema, "Huyo, huyo, mkanyage!" Nilimwambia hapana, na nikamwambia tena kwa ukali. Kumlenga kiumbe kwa gari ni ukatili, sina jina jingine la kuliita. Na kanga wa porini ni mnyamapori kwa sheria ya nchi, hata akiwa nyuma ya nyumba yako. Dereva aliyepita Mikumi anavikumbuka vibao vya kuonya juu ya faini ya kugonga wanyama, na pale kila mtu anapunguza mwendo. Mitaani kwetu hakuna kibao. Kanga ni yuleyule.

Usiku ni habari nyingine. Ukiwasha taa kwenye njia za vumbi nje ya Ipuli utaona kitu kama kaa la moto chini kabisa, linawaka jekundu. Ni jicho la mpasuasanda, ndege wa usiku, amelala bapa barabarani. Anapapenda kwa sababu vumbi limehifadhi joto la mchana, na pakiwa peupe anawaona wadudu juu angani. Watu wengi wanamwogopa, wanamhusisha na vifo na uchawi, na nimesikia mtu akisema heri umkanyage kabla hajakuletea balaa. Mimi nimemshika mkononi. Aligongwa na gari lililonitangulia, nikamwokota akiwa bado ana joto. Manyoya yake ni laini kuliko pamba, rangi ya majani makavu ya miombo, huwezi kujua jani linaishia wapi na bawa linaanzia wapi. Mdomo kwa nje ni mdogo kama punje ya mchele. Nilipoufungua kwa kidole ukafika mpaka chini ya macho, na pembeni una vinywele vigumu. Uchawi sikuuona. Niliona wavu wa kuvulia wadudu wa usiku.

Kwa huyu, shusha taa na upunguze mwendo, mpe nafasi. Taa kali zinampumbaza. Usimkwepe kwa kukata kona ghafla, maana bodaboda anayekufuata hana habari na ndege wako.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipita tena kwenye miembe ile, mzigo umeshonwa. Bibi alikuwepo na ndoo yake. Kanga wakatoka upande uleule wa kulia, nikasimama, nikahesabu tisa. Barabara ikawa nyeupe. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameinua kiganja, macho yake yako majanini.

"Bado," akasema.

Nikazima injini.