Kwenda Sanchi ukitokea Bhopal

Ndugu yangu, umeuliza kama siku moja inatosha kuona stupa (kuba takatifu la Kibudha) ya Sanchi ukitokea mji wa Bhopal, India, na kama asiye Mbudha anaruhusiwa. Inatosha, na unaruhusiwa kabisa. Ni kilomita 50 hivi. Ondoka alfajiri, maana jua la mchana pale kilimani ni kali.

Usitafute mlango wa kuingia ndani. Stupa ni kuba lililojazwa matofali na mawe, huzungukwa tu. Lizunguke likiwa kuliani kwako, kama wafanyavyo mahujaji. Kiini chake ni cha enzi za mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo.

Muda wako mwingi uweke kwenye malango manne ya mawe. Humo Buddha hakuchongwa kwa umbo la mtu: tazama nyayo, kiti kitupu, mti, ndivyo vinavyomwakilisha. Lango la kusini lina maandishi kwamba wachongaji wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha ndio waliochonga pale. Sogea karibu uone walivyotia vidole na shanga kwenye jiwe gumu, ila tafadhali usiguse.

Makumbusho yako chini ya kilima, na Ijumaa hufungwa. Panga siku nyingine, usikose vichwa vya simba vya nguzo ya Ashoka.