Sainasi yako, sumaku yetu: majibu ya barua za MRI

Barua za safari hii karibu zote ni za pua. Kabla sijazifungua, nawakumbusha kazi yangu: mimi ni radiografa. Napiga picha za ndani ya mwili, kwa mitambo kama MRI, ile ya sumaku, na CT, ile inayopiga kwa eksirei vipande vipande. Kuzisoma ni kazi ya daktari wa radiolojia, na kutibu ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo. Anayetaka nimwandikie dawa hapa gazetini simjibu, hata anipambie salamu namna gani.

*Shikamoo mama. Nina miaka 38, niko Tabata. Kichwa kinaniuma pajini na kuzunguka macho, kinakuja kinaondoka, huu mwaka wa nne. Kila mtu ananiambia ni sainasi, na antibiotiki nimezimeza mpaka nimechoka. Daktari amekataa kuniandikia MRI, anasema ikibidi atanipa CT. Jirani yangu anasema CT ni ya kizamani na ina mionzi, MRI ndiyo inayoona kila kitu. Hela nimeshadunduliza. Nikapige mwenyewe?*

Marahaba mwanangu. Hela yako iache ilipo kwanza.

Jirani amepatia jambo moja: CT inatumia mionzi ya eksirei, MRI haitumii. MRI ni sumaku na mawimbi ya redio. Hilo la kuona kila kitu ndilo analokosea, na hajakosea peke yake. Watu wanaipanga mitambo hii kama ngazi: eksirei chini, CT katikati, MRI juu kabisa kwa wenye nazo. Haipangiki hivyo. Kila mmoja unajibu swali lake.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Viko mashavuni, viko pajini, viko vidogo vidogo vingi katikati ya macho, na vingine viwili vimejificha nyuma kabisa, chini ya ubongo. Ukuta unaotenga vile vya katikati na jicho ni mwembamba kama karatasi. MRI inachota picha yake kwenye hidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Mfupa mgumu na hewa havina cha kuipa, kwa hiyo vyote viwili vinatoka vyeusi. Sasa mpe daktari wa upasuaji picha ambayo ukuta ni mweusi na chumba ni cheusi, halafu umwambie apitishe vyombo puani bila kugusa jicho! Anachohitaji ni kujua ukuta ulipo, njia ya kutolea kamasi imeziba wapi, na mfupa wa pua umepinda upande gani. CT inamwonyesha hayo yote, na upigaji wenyewe ni wa sekunde chache.

Kuna mtego mwingine ambao wagonjwa hawaujui. Kamasi iliyokaa hadi ikakauka, au bonge la fangasi, linaweza kutoka jeusi kabisa kwenye baadhi ya picha za MRI. Chumba kimejaa, lakini asiyekuwa na CT ya kulinganisha anaweza kukisoma kuwa kitupu.

MRI ya sainasi inaitwa pale ambapo kamera ya puani au CT imeonyesha kitu kinachotia shaka: upande mmoja umejaa na mwingine ni safi, mfupa umeliwa, jicho limetokeza, au kuna hofu kwamba maambukizi yamepanda kwenye ubongo. Hapo ndipo inapong'ara. CT inaona chumba kimejaa tu. MRI inaweza kutofautisha uvimbe na kamasi iliyokwama nyuma ya uvimbe huo.

Turudi kwenye kichwa chako. Nimeisoma barua yako yote: hukuandika kamasi, hukuandika pua kuziba, hukuandika kupotelewa na harufu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu karibu 3,000 waliokuwa wanaamini, au wameambiwa, kwamba maumivu ya vichwa vyao ni ya sainasi. Asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso. Na kipandauso ni kijanja, kinaweza kukutoa machozi na kamasi nyepesi ukaapa kuwa ni mafua. Mimi sijasema unacho. Nasema daktari aliyekunyima MRI huenda amekusikiliza kuliko jirani. Rudi ukamweleze kichwa chenyewe: mwanga unakukera? Unapata kichefuchefu? Kinachukua saa ngapi? Na antibiotiki za kununua dirishani bila cheti, hizo acha leo.

*Mama, salaam. Mimi fundi wa mageti na grili, mtaa wa Gerezani, Dar, umri 52. Pua ya kulia imeziba miezi kadhaa na inatoa damu kidogo kidogo. Daktari aliingiza kamera akaona kinyama kimeota. CT nimeshafanya, sasa ameniandikia MRI yenye sindano ya dawa. Mwenzangu wa karakana anasema humo ndani kelele zilimshinda akatolewa. Tena nasikia ile dawa inaua figo, na mimi nina kisukari. Je, nisiende?*

Nenda, fundi, na usiahirishe. Yako ndiyo ile hali niliyokuwa naieleza hapo juu: pua moja, damu, kinyama, CT imekwisha. Sisemi ni saratani. Vinyama vingi vya upande mmoja si saratani. Ila daktari hataki kukata kitu asichojua mzizi wake umeshika wapi.

Ukifika mlangoni kwetu, jambo la kwanza kutuambia ni kazi yako, kabla hata ya kisukari. Mtu aliyekata na kusaga vyuma miaka mingi anaweza kuwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya jicho na asijue, au alishajua akasahau. Sumaku zetu nyingi ni za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), nyingine 3. Hata hiyo ndogo inaizidi sumaku ya dunia zaidi ya mara 25,000, na haizimwi. Usiku ipo, umeme ukikatika ipo. Kipande kile kikivutwa kinaweza kukuharibia jicho papo hapo. Kwa hiyo mafundi wa kuchomelea na kusaga tunawauliza zaidi, na tukiwa na shaka tunawapiga kwanza eksirei ya macho. Ukiona hujaulizwa, sema mwenyewe.

Hapa niwaseme kidogo wote mnaosoma. Fomu ya maswali kabla ya MRI mara nyingi imeandikwa Kiingereza, na watu wanaona haya kuuliza. Wanatiki "hapana" kuanzia juu hadi chini na kusaini. Betri ya moyo, hapana. Kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa, hapana. Klipu iliyowekwa kwenye mshipa wa ubongo, hapana. Mwombe mhudumu akusomee kwa Kiswahili, ni haki yako. Baadhi ya betri za moyo za siku hizi zinaruhusiwa kwa masharti, lakini lazima tuone kadi yake kwanza. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka sita alifariki kwa sababu mtungi wa chuma wa oksijeni uliingizwa chumbani naye akiwa ndani ya mashine, sumaku ikauvuta ukampiga. Ukituona wakali kuhusu funguo na simu, ndiyo sababu.

Sasa kelele. Mwenzako hakukudanganya. Ndani ya mashine kuna koili, yaani nyaya zilizoviringwa, zinazowashwa na kuzimwa kwa kasi ndani ya ile sumaku, zinatikisika na kugonga, na mlio unaweza kuvuka desibeli 100. Utapewa vizibo vya masikio, kwingine na hedfoni juu yake. Karakana yako yenyewe si kimya, utavumilia. Kinachowashinda wengi ni kile kifaa cha kichwa: picha ya sainasi inahitaji koili inayofunika uso kwa karibu. Ina uwazi mbele ya macho, na mara nyingi ina kioo cha kukuonyesha miguu yako na nje. Dawa yake ni kufumba macho kabla kitanda hakijaingia. Ukishaingia ndipo ufumbe, umechelewa. Mkononi utashika mpira, ukiuminya tunakuja. Hesabu nusu saa hadi dakika 45, ikigawanyika vipande vya dakika chache chache. Mlio ukinyamaza, meza mate, kohoa. Mlio ukianza, tulia, maana hata kumeza kunaitikisa picha.

Na kwa kuwa pua yako imeziba, kulala chali kutakubana. Jizoeze nyumbani kupumulia mdomo ukiwa umelala bila mto, na muulize daktari kama unaruhusiwa kupuliza dawa ya puani kabla ya kuingia.

Ile dawa ya sindano, ya kung'arisha picha, ina madini ya gadoliniamu. Kilichozua habari za figo ni hiki: mwaka 2006 iligundulika uhusiano kati ya dawa za aina hiyo na ugonjwa adimu wa ngozi na viungo kukakamaa, kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimeshachoka sana. Tangu hapo zinapendelewa aina zilizo imara zaidi, na wagonjwa wa figo wanachujwa. Kwa mwenye figo nzima, kipimo tunachotoa karibu chote kinatoka kwa mkojo. Wewe una kisukari, basi njoo na majibu ya karibuni ya kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia figo. Kama umebandikwa kifaa cha kupima sukari mkononi, sema, huenda kikabidi kitoke. Kama sindano ya picha iliwahi kukuvimbisha au kukubana kifua, sema pia.

La mwisho kwako: njoo na CD ya ile CT. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi, kwa sababu picha mbili zikisomwa pamoja ndipo mtego wa kamasi nyeusi unapovunjika. Na meno ya bandia yavue. Jino la chuma lisilotoka, tuonyeshe. Linaweza kuacha giza kwenye picha, na sainasi ya shavuni inakaa juu yake tu.

*Mimi mwalimu, Tanga. Nilipigwa MRI ya kichwa kwa sababu ya kizunguzungu. Ubongo hauna tatizo, lakini chini wameandika kwamba utando wa sainasi za mashavuni umenenepa kidogo na kuna kifuko cha maji upande wa kushoto. Sina mafua wala maumivu. Silali.*

Lala, mwalimu. Hayo tunayaona kwa watu wazima wasiolalamika chochote. MRI inapenda maji, na utando wa pua ni maji matupu.   Daktari wa radiolojia ameandika kwa sababu ni wajibu wake kuandika anachokiona, si kwa sababu umeumwa. Kama jino la juu kushoto linakuuma, mwonyeshe daktari wa meno, kwani mzizi mbovu unaweza kuisumbua sainasi iliyo juu yake. Kama haliumi, funga bahasha.

*Mwanangu wa miaka minne anakoroma na kulala mdomo wazi. Wameniambia ana nyama za pua. Je, MRI itasaidia? Mama, Moshi.*

Kwa hizo nyama, hapana. Daktari wa pua anaziona kwa kamera ndogo au eksirei ya ubavu. Mtoto wa miaka minne hatulii nusu saa, itabidi alazwe usingizi kwa dawa, na usingizi huo unataka sababu nzito. Sababu nzito zipo: mvulana aliyebalehe anayetokwa damu nyingi pua moja mara kwa mara, huyo MRI anaistahili. Na mtoto yeyote mwenye mafua na homa ambaye jicho limeanza kuvimba, usisubiri picha wala kesho. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

*Asalaam aleikum bibi. MRI ya sainasi ni Jumatano, na Ijumaa ni harusi ya mdogo wangu hapa Unguja. Nimeshapaka hina na piko, nina kipini, na nataka kusuka rasta. Nina na kitanzi cha uzazi. Nifanyeje?*

Waaleikumu salaam, na hongereni. Hina na piko njoo navyo, tuonyeshe tu, na ukisikia joto mahali uminye mpira. Kitanzi cha shaba hakituzuii, ila kitaje. Kipini kitoke, maana kiko palepale tunapotazama. Pini za mtandio, kope za kubandika za sumaku, maskara, shanga zilizotungwa kwa waya, vyote vibaki nyumbani. Mwenye hirizi ya kasha la bati ampe ndugu amshikie nje, atamrudishia. Rasta nyingine zina vibanio na nyuzi za chuma ambazo hata msusi hazijui. Suka Alhamisi.